Vitunguu dakika kumi? Mkuu, zima jiko kwanza

Mkuu, weka kisu chini. Nilikuwa napita tu, nyuzi za mapishi huwa nasoma na kuondoka, lakini nimefika kwenye uzi wako wa rosti ya kuku, pale ulipoandika "vitunguu nitakaanga dakika kumi hadi viwe kahawia, halafu namtia kuku" tumbo likanikata. Wewe una wageni sita Jumamosi. Mimi nilikuwa na mama mkwe.

Mke wangu alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue. Mama yake akapanda basi kutoka Singida kuja kumwona mjukuu, nikampokea stendi ya Mbezi na mfuko wa vitunguu na majogoo wawili wamefungwa miguu. Majogoo wa kienyeji wa Singida, na vitunguu vya Singida. Halafu mimi, mtoto wa Temeke, nikasema mama pumzika, leo napika mimi. Rosti ya kuku wa vitunguu, ile nzito, ya kahawia, tamu bila sukari. Nilikuwa nimeiona kwenye simu.

Na hapa naomba nimseme kidogo yule dada wa kwenye video, jina sitaji. Anakata vitunguu, anavitupa kwenye mafuta, anasema "vikaange dakika tano hadi kumi", mara pap! picha imekatwa, vitunguu vimeshakuwa rangi ya asali. Hiyo "pap" ndiyo saa nzima aliyotuficha. Watu laki ngapi wamepiga makofi pale chini, sijui hata mmoja wao kama aliwahi kushika mwiko.

Dakika kumi zikafika. Vitunguu vyangu vyeupe, vimelegea, vinaogelea kwenye maji yao kama nimevichemsha. Kumi na tano, vilevile. Nikaona dosari ni moto. Nikafungulia gesi mpaka mwisho, kwenye sufuria yetu ile nyepesi ya aluminiamu, mtoto akalia, nikaenda kumbembeleza dakika tatu. Nimerudi nakuta kingo nyeusi kama mkaa na katikati bado vibichi. Vyote viwili kwa pamoja! Kipaji hicho si kila mtu anacho.

Lakini sikiliza, kuunguza halikuwa kosa lenyewe. Vitunguu vya kununua vingenigharimu elfu chache, mtoto wa jirani angekimbia gengeni akarudi na vingine. Kosa ni kwamba niliona uchungu kuvimwaga, na uchungu wenyewe ukahamia kwenye sufuria. Nikajiambia nyanya itafunika. Nikatia nyanya. Haikufunika. Nikatia sukari vijiko viwili, ikawa chungu na tamu, kama dawa ya kikohozi. Nikatia tui, rosti ikageuka rangi ya majivu. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikachukua majogoo wote wawili, waliochemka saa moja na nusu wakalainika vizuri kabisa, pamoja na supu yao yote, nikamimina humo ndani. Majogoo waliosafiri kutoka Singida! Kitunguu kilichoungua hakitibiki, kinatoa ladha yake kwenye kila tone la mchuzi.

Mama mkwe akala tonge mbili, akanywa maji. Akauliza kwa upole, kwa nia njema kabisa: "Baba, humu umemtilia mzazi mwarobaini?"

Nikajibu ndiyo mama.

Chekeni tu. Tatizo ni kwamba kwa sababu ni dawa ya mzazi, mke wangu akasimamiwa mpaka akamaliza bakuli. Na kesho yake tena. Mtoto sasa ana miaka miwili na hilo bado linatajwa kila nikichelewa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, ukisahau mengine yote shika hii: vitunguu vinakaa jikoni saa nzima, moto mdogo, na kuku haguswi mpaka vitunguu vimemaliza. Kitunguu karibu asilimia 90 ni maji. Maji yakiwa bado yamo, sufuria haipandi sana kupita nyuzi 100, na rangi ya kahawia na ule utamu vinahitaji joto kubwa zaidi ya hapo. Lazima maji yatoke kwanza, na huwezi kuyaharakisha kwa moto mkali kwa sababu nje inaungua ndani bado mto Rufiji.

Kwa kuku wawili chukua vitunguu kilo moja na nusu. Utaona sufuria imejaa pomoni, utasema huyu jamaa kichaa. Vikimaliza vitabaki vikombe viwili, labda pungufu. Sufuria nzito, yenye kitako kinene. Mafuta vijiko vitatu vinne, chumvi kidogo mwanzoni ivute maji. Dakika ishirini za kwanza hutaona kitu, usipaniki, usiguse kitasa cha gesi. Baadaye vitaanza kushika chini na kufanya ukoko wa kahawia. Ukoko huo usiuogope, ndio rosti yenyewe: tia maji kijiko kimoja, kwangua na mwiko, uchanganye. Ukoko tena, maji tena, kwangua. Hivyo hivyo mpaka vyote viwe rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona doa jeusi, litoe hilo moja mapema. Yakiwa mengi, mwaga sufuria nzima, usifanye kama mimi.

Ukiwa na jiko la mkaa ni rahisi zaidi, punguza makaa, tawanya majivu juu, kaa hapo na kigoda chako. Nyanya usitie kabla, inarudisha maji na unaanza upya. Tangawizi na kitunguu saumu navyo mwishoni, vinaungua haraka.

Na wewe mchangiaji wa juu unayemwambia atie magadi vitunguu viwahi: kweli vinawahi, rangi inakuja upesi. Vinakuwa uji vilevile. Anapika rosti au anamlisha mtoto?

Uliuliza pia kienyeji au broila, na sijui wali wa nazi au chapati, na kama inaweza kupikwa usiku wa kuamkia. Kuku yeyote. Vitunguu peke yake ndiyo, vipike Ijumaa, viweke kwenye friji, Jumamosi unavipasha tu na kutia kuku aliyeiva na supu yake, dakika ishirini vishikane. Kwa kweli ningekuwa wewe ningefanya hivyo, ili ukiunguza uwe na Jumamosi nzima ya kurudi sokoni.

Kama unapika siku hiyohiyo na wageni wanafika saa mbili usiku, vitunguu viwe vimeshapanda jikoni saa kumi na moja. Na mtoto akilia, mwite mtu mwingine.