Hati za serikali kuhusu Kaloleni: anzia Moi Avenue

Dadangu, umesema karani mmoja amekuzungusha wiki mbili ukitafuta hati za mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kwa ajili ya tasnifu yako. Pole sana. Za zamani zitafute kwenye Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Usimwambie mhudumu "nataka Kaloleni" tu. Soma kwanza ripoti za mwaka za utawala wa kikoloni, maana ndizo zitakuonyesha nani alishughulikia nyumba za Waafrika na mwaka gani. Ukishajua hivyo, orodha ya majalada haikutishi tena. Nakili namba ya kila jalada papo hapo, tafadhali! Na kumbuka aliyeandika alikuwa afisa, si mpangaji. Wazee wa mtaa wahoji pia.

Matangazo ya ardhi yamo kwenye Gazeti Rasmi la serikali, mijadala ya Bunge kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vyake.

Kwa hati za sasa, andika barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.