Lithiamu haigusi jeni ya kaka yako

Pole kwa kuuguliwa, dada. Unauliza kama lithiamu, dawa ya kutuliza hisia anayomeza kaka yako, inaharibu jeni yake ya IMPA1. Hapana. Jeni hiyo, iliyo kwenye kromosomu ya 8, inabaki ilivyo. Kinachozuiwa ni kimeng'enya chake, yaani protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo, kile kinachong'oa fosfati ya mwisho kwenye inositoli, kemikali inayofanana na sukari, ili itumike tena kupitisha ujumbe ndani ya seli. Huenda ndiko utulivu wa hisia unakotoka, ingawa wanasayansi bado wanabishana.

Mimi ningehofia figo zaidi. Asikose vipimo vya damu, anywe maji ya kutosha, asimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, bila kumuuliza daktari. Akitetemeka sana, akitapika au kuyumba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, asiache dawa ghafla.