Kura ya Virginia mwaka usio wa rais? Nenda

Dada yangu, umeuliza kama inafaa, sasa umepata uraia, kupoteza asubuhi nzima kwenye foleni kumchagua mbunge wa jimbo tu. Nenda. Virginia huchagua wabunge wake miaka ya witiri, na wengi hubaki nyumbani. Hapo ndipo kura moja huwa nzito.

Mwaka 2017, wilaya ya 94 huko Newport News, wagombea walifungana: 11,608 kwa 11,608. Majina yakatiwa kwenye vikopo vya filamu, vikopo vikatiwa kwenye bakuli la kauri, kikachomolewa kimoja (kama upatu vile). Akatoka David Yancey wa chama cha Republican, na Republican wakabaki na viti 51 bungeni kwa 49 vya chama cha Democrat. Kabla ya uchaguzi huo walikuwa na 66! Mwaka uliofuata bunge hilohilo likapitisha upanuzi wa Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, uliokuwa umekwama miaka. Democrat wakalitwaa 2019, wakapokonywa 2021, wakarudi 2023.

Kazi ikibana, piga kura mapema. Milango hufunguliwa siku 45 kabla. Ila hakikisha kwanza umesajiliwa kwa anwani unayoishi sasa, si ile ya zamani.