Sanda ya Bibi Yako

Mwanangu,

Swali lako limenifika mara mbili, kwa simu na kwa mdogo wako uliyemtuma aje kunichunguza. Siku ya Idi ulikuwa unatafuta shuka za wageni, ukaikuta sanda kwenye kasha langu, na sasa unataka kujua nimeambiwa nini hospitali. Sijaambiwa kitu. Presha ni ileile, dawa nakunywa.

Ungeniuliza ni nani aliyenifundisha kuiweka, hapo ningekuwa na la kusema. Ni bibi yako mzaa baba. Unamkumbuka, funguo kiunoni, na kila Shaabani sanda yake inaanikwa uani, kisha yeye anavaa baibui kwenda kulipa madeni. La sukari, la mkaa, hata la maneno aliyomtolea mtu bombani. Mtu asilale na cha mtu, akisema. Nami nasema hivyohivyo, mnanicheka.

Sasa sikiliza nisilowahi kukwambia. Wewe ulizaliwa 1983, mwaka wa msako wa walanguzi. Maduka ya hapa Ngamiani yalikuwa rafu tupu; mwenye nguo kaificha asije akakamatwa. Nepi zako zilikuwa mbili, na masika yale hazikauki. Siku moja Bibi kaenda maulidini, funguo kazisahau kitandani. Nikafungua kasha, nikakata mikono miwili ya bafta, iliyobaki nikaikunja vilevile alivyoikunja yeye.

Haikupita miezi mingi, jirani yetu muuza vitumbua akafariki. Wanaume wakazunguka mji kutafuta sanda, wakarudi mikono mitupu. Bibi akaingia ndani kimya, akatoka na yake. Akaipima mbele ya waosha, kiwiko hadi ncha ya kidole. Akaipima tena. Akanitazama nikiwa nakunyonyesha.

"Panya wa siku hizi," akasema, "wanakata utadhani wana mkasi."

Waosha wakacheka kidogo. Ukaya wa marehemu ukatoka kwenye mtandio wa Bibi wa kusalia.

Si kile kitambaa kinachonichoma. Sawa, ulikuwa wizi. Lakini aliyefungwa nepi ni mjukuu wake, na ningeomba angenipa. Au asingenipa, kwa mkono wake ule mgumu? Angenipa. Basi mbona sikuomba?

Hali ilipotengemaa akanunua nyingine. Na kila Shaabani akiniita mimi, si mawifi zangu, nishike ncha ya pili tuikunje. Tunasogeleana, vidole vinagusana, ananitazama. Mara nane, mwanangu. Mara nane zote mimi naongelea bei ya nazi. Alipofariki niliipima mwenyewe, ikawa kamili. Mtu asilale na cha mtu, na mimi hiki nimelala nacho miaka zaidi ya arobaini.

Mwaka huu nimemaliza la muuza mkaa na la yule fundi cherehani tuliyegombana. Limebaki hilo moja, na sijui nilipeleke wapi.

Unasema niiondoe, wajukuu wataogopa. Wanao ni wako, sitaki kukuamulia. (Mtoto anayeogopa bafta ataogopa na mapazia, lakini hayo sijasema.) Ila Shaabani uje. Ni kitambaa kirefu, peke yangu sikikunji kikakaa sawa.

Mama yako