Maswali na majibu: Andrew Harris, mkimbiaji wa kazi nyingi

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu Andrew Harris, mkimbiaji ("running back", mchezaji anayekabidhiwa mpira na kukimbia nao) aliyestaafu mwaka 2023 baada ya kuchezea BC Lions, Winnipeg Blue Bombers na Toronto Argonauts katika Ligi ya Futiboli ya Kanada (CFL), mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono unaofanana na futiboli ya Marekani.

Kwa nini mkimbiaji wa Kanada asitosheke na kukimbia tu?

Kanuni za mchezo hazimruhusu. Timu hupewa majaribio matatu ya kusogeza mpira yadi 10, ilhali Marekani hupewa manne, na kwa kuwa jaribio la tatu aghalabu hutumika kuupiga mpira mbali au kulenga goli, kwa kweli yanabaki mawili. Uwanja nao una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, nafasi ambayo huzipa pasi faida kubwa. Mkimbiaji asiyejua kudaka pasi, wala kumkinga kwotabeki wake, yaani mchezaji anayerusha pasi, dhidi ya mabeki wanaomvamia, itabidi atolewe kila pasi inapotarajiwa, na kule kutolewa kwenyewe huwaambia wapinzani kinachokuja. Harris alibaki uwanjani, nao wapinzani wakabaki wakibahatisha.

Ni msimu gani unaoonyesha hilo vizuri zaidi?

Ni ule wa 2017 akiwa Winnipeg, alipokimbia yadi 1,035 na kuongoza ligi, kisha akadaka pasi 105 zilizomletea yadi nyingine 857. Hakuna mkimbiaji aliyewahi kudaka pasi nyingi hivyo katika msimu mmoja wa CFL kabla yake. Aliongoza tena kwa mbio mwaka 2018 na 2019, lakini kwa maoni yangu zile pasi 105 ndizo zinazomweleza.

Alisoma chuo kikuu gani?

Hakupitia njia hiyo. Alizaliwa Winnipeg mwaka 1987, akakuzwa na klabu ya vijana ya Vancouver Island Raiders huko Nanaimo, na kutoka hapo akachukuliwa na Lions.

Fainali ya 2019 ilikuwaje, na ni kweli alikuwa amefungiwa?

Ni kweli. Mwaka huohuo alifungiwa mechi mbili baada ya kipimo kuonyesha dawa iliyopigwa marufuku. Yeye alikana kuitumia kwa kujua na kusema kirutubisho alichotumia huenda kilikuwa kimechafuliwa. Msomaji ataamua mwenyewe uzito wa maelezo hayo. Lililo wazi ni kwamba mwezi Novemba, mjini Calgary, Winnipeg iliilaza Hamilton 33-12 na kutwaa Kombe la Grey, kombe la ubingwa wa CFL, kwa mara ya kwanza tangu 1990. Siku hiyo Harris alikimbia yadi 134, akafunga tachidauni (kufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani) moja kwa mbio na nyingine kwa pasi, akawa mchezaji wa kwanza kutunukiwa katika fainali moja tuzo ya mchezaji bora wa mechi pamoja na ile ya Mkanada bora. Mji ulimsherehekea kama mtoto wake, ingawa mwaka 2011 yeye na Lions ndio walioinyima Winnipeg kombe hilohilo, na mwaka 2022 aliinyima tena akiwa na Toronto.

Je, anamzidi Michael "Pinball" Clemons?

Inategemea unachohesabu. Clemons, mtu mfupi aliyetoka Florida na kuichezea Toronto tangu 1989 hadi 2000, alikusanya yadi 3,840 za kila aina katika msimu wa 1997 pekee, sehemu kubwa zikitokana na kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani. Harris hakutegemea kazi hiyo: yadi zake, zaidi ya 10,000 za mbio na zaidi ya 5,000 za pasi, alizipata akitokea nyuma ya kwotabeki, akiwa Mkanada wa kwanza kuvuka hizo 10,000. Kwa wepesi wa kukwepa ningemchagua Clemons. Kwa mchezaji wa kuachwa uwanjani katika kila jaribio, Harris. Naye Clemons alilijua hilo, kwani ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa Toronto ilipomsajili Harris mwaka 2022.