Mshono wa juu ukikauka, wa ndani bado

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua kwa operesheni hapa Mtwara, na wiki ya pili tu mshono ukawa umekauka vizuri nikajiona nimeshapona, basi wiki ya tano nikajitwisha ndoo ya lita 20 kutoka bombani. Sikufika hata mlangoni. Nilisikia kitu kinavuta upande wa kushoto wa mshono, nikaitua ndoo vibaya maji yote yakamwagika, nikakaa pale chini nimeshika tumbo.

Nesi ndo akanieleza kitu ambacho siku ya kuruhusiwa hakuna aliyeniambia. Ngozi inafunga kwenye siku 10 hadi 14 hivi, lakini chini yake kuna utando mgumu unaoshikilia tumbo, huo hata wiki 6 bado haujarudisha nguvu zake zote, na kovu la kizazi linaendelea kujijenga miezi 6 na zaidi. Kwa hiyo jamani msipime kupona kwa kuangalia kioo. Miezi ya mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto, na msimu wa korosho waache wengine wabebe magunia.

Mama mkwe alishachemsha maji ya kunikanda, simlaumu, ndivyo walivyolelewa wao. Ila kukanda tumbo lenye mshono mbichi kwa maji ya moto ni kujiunguza na kuukaribisha usaha, tukaelewana anikande mgongo na miguu tu.

Kuwasha na ganzi ni kawaida, mpaka leo nikigusa juu ya kovu ni kama nagusa nguo. Kovu likivimba likawa gumu na kutambaa nje ya mshono hilo ni keloidi, sisi weusi zinatupata sana, muone daktari. Lakini usaha, harufu, homa, mshono kufunguka au damu nyingi, usisubiri kesho.

Halafu mimba nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na sisi wa operesheni tuna sababu zaidi, maana kovu la kizazi linaweza kuchanika wakati wa uchungu. Na muulize daktari kizazi chenyewe kilikatwaje, mlalo kwa chini au wima, maana kovu la ngozi halikuonyeshi hilo na la wima ndo lenye hatari zaidi. Aandike kwenye kadi. Mi yangu ipo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha mtoto, na mimba ya pili ilipofika miezi 8 nilihamia kwa dada karibu na hospitali, uchungu usije ukanikuta mbali.