Maji Kwanza: Niliyojifunza kwa Kuotesha Mimea Inayokula Wadudu Dar es Salaam

Mmea wangu wa kwanza unaokula wadudu uliishi siku arobaini na moja. Ulikuwa ule mtego wa nzi, wenye majani kama midomo miwili iliyopangwa meno, na nilikuwa nimeutamani tangu nilipouona pichani nikiwa darasa la sita. Niliuweka barazani kwetu Tabata, nikaumwagilia kila asubuhi maji yale yale tunayofulia, nikautilia na samadi kidogo ya kuku ili uchangamke. Wiki ya pili ncha za majani zikawa nyeusi. Nikaongeza maji. Wiki ya nne mitego ikawa inabaki wazi hata nzi akitembea ndani yake. Nilipoung'oa, mizizi yote ilikuwa imeoza.

Huu ni mwaka wa saba sasa, na vyungu vimepita thelathini. Watu wananipigia simu wakisema mmea umenyauka ghafla, na kabla hawajamaliza kueleza huwa nauliza swali moja: unamwagilia maji gani?

Mimea hii kwao ni kwenye vinamasi na michanga iliyooshwa na mvua mpaka ikabaki haina rutuba. Naitrojeni na fosforasi huko ni haba, ndiyo maana ikatafuta njia ya kuzipata kwa wadudu. Mizizi yake imezoea maji yasiyo na madini karibu kabisa. Ukiipa maji ya kisima, kila yanapokauka chumvi na chokaa hubaki udongoni, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka mizizi inaungua. Samadi inayonenepesha mchicha, kwa mmea huu ni sumu.

Nilinunua kipimo cha chumvi za maji, kile kidogo kama kalamu unachotumbukiza kwenye glasi. Wanaoijua mimea hii hupenda maji yasiyozidi miligramu 50 za madini kwa lita. Kisima chetu kilisoma 940. Maji ya bomba yalikuwa afadhali, lakini bado yalivuka mara kadhaa. Kuna maji ya chupa niliyoyategemea kwa miezi mitatu nikiamini kwamba maji masafi ya kunywa ni masafi kwa kila kitu. Nayo yalikuwa yamevuka. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, kwa sababu kinachoondoka ni mvuke, chumvi inabaki sufuriani. Ile asubuhi niliyotumbukiza kipimo kwenye maji ya mvua niliyoyakinga mwenyewe na kikasoma 9, nilielewa kwa nini mmea wangu wa kwanza ulikufa.

Basi kinga mvua. Sisi wa pwani tumejaliwa misimu miwili, masika na vuli, na ukijipanga inakutosha. Acha mvua ya kwanza ioshe bati na mifereji, yale maji yenye vumbi na kinyesi cha ndege yaende zake, ndipo uweke ndoo. Hifadhi kwenye madumu ya plastiki au simtanki lenye kivuli. Tangi la simenti usilitumie: maji ya mvua yakikaa humo huchukua chokaa ya simenti, na mwezi ukipita unakuwa umerudi kwenye maji ya kisima. Mimi natumia dumu moja la lita 20 kwa wiki kipindi cha mvua, na karibu mawili Januari na Februari.

Hiyo Januari na Februari ndiyo mitihani. Madumu yakiisha, nakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, kwa hiyo madini hayamo karibu kabisa. Ya ofisini kwetu husoma chini ya 20. Lakini yanapita kwenye vyuma na kwenye trei yenye vumbi, kwa hiyo yakinge kwa chombo safi, na kiyoyozi kikiwa kimetoka kusafishwa kwa dawa, subiri wiki mbili tatu. Wasio na kiyoyozi wanaweza kununua maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, ila uhakikishe chupani ni maji matupu na si asidi. Nasisitiza hili kwa sababu chupa zinafanana na zinakaa rafu moja.

Kwenye udongo nako niliumia. Udongo wa bustani haufai, mboji haifai, wala ule wa mifuko uliochanganywa mbolea. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hutumia piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasini yaliyokaa miaka mingi bila kuoza yakaisha, wakichanganya nusu kwa nusu na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto. Hapa piti hupatikana kwa wauza vifaa vya kilimo cha vitalu, kwa bei inayouma. Nikaona nazi si tunazo? Nikachukua vumbi la makumbi, nikapanda vyungu vitano, vikafa vyote ndani ya wiki sita.

Sababu anaijua kila aliyekulia Unguja au vijiji vya pwani. Makumbi huchimbiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili usumba ulainike na kusokotwa kamba, kwa hiyo yanayotoka huko yamekunywa chumvi. Hata yasiyozikwa baharini huwa na chumvi zake. Bado nayatumia, ila kwanza nayaosha: naloweka kwenye maji ya mvua usiku kucha, nakamua, napima yale maji, narudia. Fungu la kwanza lilinichukua mara saba kufika chini ya 50. Ni kazi, na mvua nyingi inaishia humo, kwa hiyo naifanya katikati ya masika wakati maji si shida.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Mbali na chumvi, umejaa vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa tupu. Tumia wa mtoni, uoshe, kisha udondoshee siki kwenye kijiko kimoja. Ukitoa povu, una chokaa, uache wajengee nyumba. Chungu nacho kiwe cha plastiki. Vile vya kufinyanga vinapendeza, lakini hunywa maji na kutunza chumvi kwenye kuta zake.

Sasa, mmea gani? Hapa sitakubaliana na wauzaji. Karibu kila mtu huanza na mtego wa nzi, na kwa mtu wa Dar huo ndio mmea mgumu kuliko yote ninayoijua. Kwao ni majimbo mawili tu ya Marekani, North Carolina na South Carolina, kwenye misitu ya misonobari karibu na pwani. Majira ya baridi ya huko huleta jalidi, na mmea hulala miezi mitatu au minne: majani hufupika, mengine hufa, shina la chini linapumzika. Sisi Julai yetu ya baridi kali ni usiku wa nyuzi 19. Mtego wa nzi ukikosa usingizi wake mwaka wa kwanza unavumilia, wa pili unadhoofu, wa tatu unakufa hata kama maji ni ya mvua tupu. Wangu wa tatu niliufunga vizuri kwenye boksi nikampa dereva wa basi, ukaenda kwa dada yangu Njombe. Huko Juni wanaota moto jioni. Uko barazani kwake hadi leo, mwaka wa tatu huu, na umetoa vichipukizi viwili.

Kwa hiyo anayeishi Njombe, Makete, Lushoto au Limuru ajaribu, ana nafasi nzuri. Wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, nakushauri kwa moyo mweupe uanze na Drosera. Hii ina majani yaliyojaa vinywele, na kila kinywele kina tone la gundi linalong'aa kama umande. Mdudu akitua hanasuki. Vinywele vya jirani huinama taratibu kumzunguka, na jani zima linaweza kujikunja. Kaa na mwanao mtazame, inachukua muda lakini inaonekana. Iko Drosera madagascariensis, ambayo licha ya jina lake la Bukini, yaani Madagaska, huota pia bara, hata hapa Tanzania, mabondeni kwenye chepechepe. Iko Drosera indica, ya mwaka mmoja, inayopenda joto na kujirithisha kwa mbegu. Drosera capensis ya Afrika Kusini inasifiwa kote kwa uvumilivu wake, na mimi ninayo, ila Februari umande wake hukauka na huwa kama umekata tamaa. Usiitupe. Kufika Juni inang'aa tena.

Ukishazoea, chukua Nepenthes, yenye magudulia. Ncha ya jani hurefuka kama uzi, kisha huvimba na kuwa gudulia lenye kifuniko na maji ndani. Mdudu huja kwa utamu wa mdomoni, huteleza, hutumbukia, basi. Bahari yetu hii ina za kwake: Bukini zipo, na Ushelisheli ipo Nepenthes pervillei isiyoota kwingine kokote. Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika habari za ile ya Bukini mwaka 1658. Za nyanda za chini zinapenda joto na unyevu wa pwani yetu kuliko mimea yote niliyo nayo. Tofauti yake kubwa ni kwamba haitaki kukaa majini. Drosera na mtego wa nzi huwekwa kwenye kisahani chenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili. Nepenthes unaimwagilia kwa juu, maji yapite, udongo ubaki na unyevunyevu. Ikikataa kutoa magudulia, tatizo mara nyingi ni mwanga hafifu au hewa kavu. Yangu iliyokuwa sebuleni ilikaa miezi minane bila gudulia hata moja. Nikaipeleka chini ya mwembe nyuma ya nyumba, ikatoa manne.

Nikizungumzia mwanga: ndio ugali wa mimea hii, mdudu ni kitoweo. Majani hutengeneza chakula kwa jua kama mmea wowote. Jua la asubuhi mpaka saa nne au tano, kisha kivuli chepesi, limenifaa kwa Drosera zote. Ikikosa jua hubaki ya kijani, legelege, bila umande. Jua la saa nane huchemsha chungu cha plastiki cheusi, kwa hiyo mimi hukitumbukiza chungu ndani ya kingine kikubwa cheupe.

Kulisha ndiko watu hupenda na ndiko kunakohitajika kidogo. Mmea ulio nje hujikamatia wenyewe. Nyama usiupe, wala kipande cha samaki, wala mayai. Huoza jani likaoza nalo. Mtego wa nzi usiuchezee kwa kidole. Kila jani hufunga mara chache tu katika maisha yake, na ili lifunge lazima vinywele vya ndani viguswe mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, hesabu ambayo mmea unaifanya ili usipoteze nguvu kwa tone la mvua. Ukiufunga bure, umeupotezea.

Jirani yangu aliniuliza kama mimea hii itamwondolea mbu. Haitaondoa, na nilimwambia hivyo. Tena visahani vyako vyenyewe vinaweza kuzalisha mbu, na Dar tumepata dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huzaliana kwenye maji madogo kama hayo hayo. Mimi kila siku ya tatu nainua chungu, namwaga maji yote, nasugua kisahani kwa brashi ili mayai yatoke, natia mapya. Nikiona viluwiluwi kwa jirani mwenye mimea kama yangu, namwambia. Hili si la kuoneana haya.

Mbegu au mimea ukiagiza nje, omba kwanza kibali cha kuingiza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Mtego wa nzi na Nepenthes zote zimo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo mche wa mojawapo unahitaji na karatasi hizo. Na ukikutana na Drosera porini, iache ilipo. Mizizi yake ni kama nyuzi, ukiing'oa nafasi ya kupona ni ndogo, na kinamasi chenyewe huenda mwakani kimegeuzwa shamba la viazi. North Carolina walifika mahali tangu 2014 kuiba mtego wa nzi porini ni kosa kubwa la jinai, kwa jinsi ulivyokuwa ukichimbwa.

Mbegu za Drosera ni ndogo kama kahawa iliyosagwa. Zimwage juu ya udongo uliolowa, usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote. Funika chungu kwa mfuko angavu, kiweke kivulini chenye mwanga, maji yatoke chini kwenye kisahani. Zangu huchukua wiki tatu hadi sita. Mche ukitokeza ni mdogo kuliko kichwa cha pini, lakini chukua kioo cha kukuzia uutazame: tayari una vinywele, na kila kinywele kina tone lake.